Kadi Yenye Jina la Aune

Chawa ni mdogo kuliko punje ya mtama, lakini hajazaliwa mtu wa kumponda kwa kidole kimoja. Anayedhani haya ni maneno ya mzaha na asikie yaliyompata Aune Kivela, mpishi wa shule katika mji wetu wa machimbo ya chuma, kaskazini mwa Minnesota, majira ya baridi ya mwaka 1973.

Duka la Halvorsen ndilo lililokuwa roho ya mji. Karibu kila nyumba ilikuwa na kadi ya duka hilo: ukiionyesha, unachukua bidhaa leo na kulipa kidogo kidogo. Kadi ya Aune iliandikwa "Bi. Reino Kivela". Reino alikuwa mumewe. Miaka yote ambayo Reino alilala kitandani akikohoa vumbi la mgodi, Aune ndiye aliyelipa kila mwezi kwa mshahara wake wa jikoni, na hakuchelewa kamwe. Reino alipofariki, majani yakiwa yanapukutika, Aune alimzika, akajikaza, akarudi kwenye masufuria yake.

Theluji ilipoanza kuanguka, koti la binti yake, Lempi, lilikuwa limembana hata vifungo havifikiani. Aune akaenda Halvorsen, akachagua koti zito la sufu nyekundu, akatoa kadi. Karani wa kaunta, Bernadine, aliyekuwa ameolewa mwaka uliotangulia, aliitazama, akainamisha uso, akamwita meneja. Bwana Lundeen akaja, tabasamu limetandazwa usoni kama kitambaa cha mezani.

"Pole sana na msiba, Bi. Kivela," alisema. "Ila mwenye kadi hayupo tena. Na kadi imekwenda naye."

"Lakini anayelipa ni mimi, na niko hapa mbele yako, mzima."

"Najua, mama. Ni utaratibu tu. Mlete mwanamume akudhamini, tutakufungulia nyingine leo hii."

"Mwanamume gani? Wangu yuko kaburini."

"Si una kijana? Yule Eino?"

Aune alidhani hakusikia vizuri. Eino, mwanawe mkubwa, hakuwa na kazi wala bazi, na jua lilimkuta kitandani hadi mchana.

"Eino? Bwana Lundeen, huyo hata hela ya sigara ananiomba mimi!"

"Lakini ni mwanamume," alijibu meneja kwa upole. Akaichukua kadi, akaitia mfukoni. Koti jekundu likarudishwa mahali pake.

Nyumbani, Eino alicheka. "Mama, si nitie sahihi tu yaishe?"

"Wewe? Nilikufunga nepi kwa mikono hii, leo wewe ndiwe unidhamini mimi?" Aune alisema, na machozi yakamtoka. Eino akaacha kucheka. Hata siku ya mazishi hakuwahi kumwona mama yake akilia.

Wiki iliyofuata Aune alirudi dukani, akaeleza upya. Akakataliwa. Alipokuwa akitoka alimsikia Bwana Lundeen akimwambia Bernadine, "Mwache, atachoka mwenyewe."

Jumapili, baada ya ibada, wanawake walishuka chini ya kanisa kunywa kahawa. Aune hakukusudia kusema neno. Lakini jirani yake, Dolores Petrich, mwenye ulimi mkali kama wembe, alimuuliza, "Mbona Lempi anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa? Koti lake liko wapi?"

Ndipo Aune alipoeleza, macho yakiwa kwenye kikombe. Bibi mmoja mzee akafungua mkoba wake, akatoa kadi, akaisogeza karibu na miwani. "Bi. Walter Ostby," akasoma. "Mimi mwenyewe simo!" Wengine nao wakapekua mikoba. Hakuna aliyeliona jina lake.

"Jamani!" alisema Dolores. "Kumbe siku mabwana wakifumba macho, na sisi tunafutika! Aune, Jumamosi nenda ukaombe tena."

"Nimeshakataliwa, shoga. Nitajidhalilisha mara ngapi?"

"Wewe nenda tu."

Jumamosi ile Krismasi ilikuwa imekaribia, na duka lilijaa hadi pomoni. Aune alisimama mbele ya kaunta. "Naomba kadi kwa jina langu," alisema.

Bwana Lundeen alishusha pumzi. "Bi. Kivela, si tulishazungumza?"

Kabla Aune hajajibu, mkono ulipita begani kwake. Ulikuwa wa Dolores, umeshika mkasi wa kushonea. Kwach! Kadi yake ikaanguka juu ya kioo cha kaunta, vipande viwili. Nyuma yake akasogea mke wa daktari, amevaa koti lake la manyoya. Kwach! Kisha wake wa wachimbaji, kisha walimu. Bibi Ostby mikono ilimtetemeka, jirani akamshikia kadi, naye akakata.

"Mabibi, tafadhali!" Bwana Lundeen alisema, jasho likimtoka. "Waume zenu wana habari?"

"Watapata habari wakikosa soksi!" alijibu Dolores.

Kicheko kikapasuka, kikazimika, mikasi ikaendelea.

Aune aligeuka. Mstari ulipita katikati ya duka, ukatoka mlangoni, ukapotelea kwenye theluji iliyokuwa ikianguka kimya. Hakuna aliyepiga kelele. Nywele zilimsimama. Wanawake hawa alipika nao, alizika nao, alipokea watoto wao. Kumbe hakuwahi kujua ukubwa wao. Alijiona kama mtu aliyeishi maisha yake yote chini ya mlima, leo tu ndipo ukungu umeondoka.

Mara Bernadine akafungua mkoba wake nyuma ya kaunta, akatoa kadi yake mwenyewe, nayo yenye jina la mume.

"Bernadine!" Bwana Lundeen alimaka. "Unajua unachokifanya?"

"Najua, bwana," alisema Bernadine. Akakata.

Hapo meneja aliishiwa nguvu, akainua simu. Mzee Halvorsen, mwenye duka, alishuka kutoka ghorofani, akasita ngazini, akautazama mstari ule hadi ulipoishia nje. Akavua miwani yake polepole, kama mtu aliyeingia kanisani.

"Mama huyu alichelewa lini kutulipa?" aliuliza.

"Hajawahi, bwana," alijibu Lundeen.

"Sasa tunangoja nini?"

Mashine ya kuchapia kadi ikanguruma. Aune alipokabidhiwa kadi yake, ingali na joto, alipitisha kidole juu ya herufi zilizoinuka: AUNE KIVELA. Akarudia tena, taratibu, kana kwamba anajifunza kusoma.

"Sogea, shoga," Dolores alimnong'oneza, machozi yakimlengalenga. "Na mimi nalitaka jina langu."

Mashine haikupumzika hadi duka lilipofungwa. Lempi alirudi shuleni na koti jekundu, na Bernadine alibaki kazini kwake, maana hakuna aliyethubutu kumgusa. Aune alipokwenda peke yake alirudi mikono mitupu. Mji ulipokwenda naye, mlango uliokuwa jiwe ukawa pazia. Naam, kidole kimoja hakivunji chawa.