Hodi Tatu kwa Bi Ngiri

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na nyumba.
Basi kaeni vizuri, maana mwenye nyumba yetu hakukaa vizuri.

Hapo kale, Bi Ngiri alikuwa na watoto watatu na hana shimo. Akamwendea mzee Muhanga, mchimbaji wa mashimo, mwenye makucha kama majembe. Muhanga akampa shimo zuri, chumba cha mbele na chumba cha nyuma.

"Kila mwezi ukiandama, uniletee kikapu cha mchwa," akasema. "Masika matatu yakipita, shimo ni lako."

Akaendelea kutaja masharti. Ngiri akaitikia naam, naam, naam. Mvua ilikuwa inamnyeshea mgongoni, na alichotaka ni kuingia ndani.

Akalipa. Mwezi ukiandama, kikapu. Ukiandama, kikapu. Kisha kikaja kiangazi, kikakaa. Ardhi ikawa ngumu, mchwa wakazama chini. Ngiri akachimba kwa pua, kwaru, kwaru, hadi pua ikachubuka. Kikapu kitupu.

Mwezi ukaandama. Asubuhi akaja Kware, mjumbe wa Muhanga.

"Hodi hapa."

Ngiri akawakumbatia wanawe. "Kimya," akanong'ona. "Akiona hakuna mtu ataondoka."

Kware akaondoka. Ngiri akajiona mjanja. Nje akatembea mkia juu, kama kawaida yake, na Pimbi jirani alipomuuliza hali, akajibu, "Nzuri tu, shoga. Nafikiria hata kuongeza chumba."

Mwezi ukaandama tena. "Hodi hapa." Mtoto mdogo akapiga chafya, chi. Ngiri akamziba pua. Kware akasimama, akasikiliza, akaondoka.

Safari hii Pimbi akaja mwenyewe.

"Shoga, hodi ngapi hujaitikia?"

"Mbili."

"Na masharti yaliposomwa ulikuwa wapi? Hodi ya kwanza bila jibu, umelala. Ya pili, unaumwa, na chumba kimoja kinaweza kupewa mwingine. Ya tatu, nyumba haina mtu, inarudi kwa aliyeichimba. Na chui kahamia bondeni. Hao watoto utawalaza wapi?"

Ngiri akatazama chini. Mkia nao ukashuka.

"Nitamwambia nini, na kikapu ni kitupu?"

"Mwambie kikapu ni kitupu."

Mwezi ukaandama mara ya tatu. "Hodi hapa." Ngiri akawasogeza wanawe nyuma, akaenda mlangoni.

"Karibu."

Kware akaruka nyuma. "Kumbe upo?"

"Nipo. Sina mchwa. Nipeleke kwa mzee."

Muhanga hakufoka. Ngiri angependa afoke, ingekuwa nafuu.

"Mbona hukuja mwezi wa kwanza?"

"Niliona haya, mzee."

"Mwezi wa kwanza ningekwambia ungoje mvua, yakaisha. Kwangu kumefika kimya mara mbili, nikajua umehama. Chumba cha mbele nimeshampa Nungunungu, na ahadi siivunji."

"Nina watoto watatu, mzee."

"Ndiyo maana cha nyuma nakuachia. Mvua ikinyesha, utaniletea nusu kikapu."

Ngiri akashukuru. Akarudi nyumbani polepole. Jioni Nungunungu akahamia, miiba yake ikikwaruza ukuta, kwacha, kwacha. Chumba cha nyuma kilikuwa chembamba, na njia ya kukifikia ilipita kwa Nungunungu. Ngiri akawapitisha wanawe mmoja mmoja, akiwakinga kwa ubavu wake. Miiba miwili ikamchoma. Watoto walikuwa ndani.

Basi nanyi mnaokaa kwenye nyumba ambazo hamjamaliza kuzilipia, wakubwa mnisikie: anayekudai akija, mwitikie, na umwambie ukweli mapema, ungali na vyumba viwili vya kuzungumzia. Na watoto mnisikie: masharti yakisomwa, sikilizeni, hata kama mvua inanyesha.

Ngano yangu nimeitua hapa. Anayeihitaji na aichukue.