Hodi ya Nne Langoni Ndaniko

Wewe unayesikiliza, adabu imewahi kukunyima nini? Usijibu haraka.

Hapo zamani, milima ilipokuwa bado na milango, palikuwa na kijiji cha Irizi, na chini ya Irizi palikuwa na ufalme wa Ndaniko. Lango la jiwe lilikuwa moja tu. Wa juu walishuka kucheza ngoma, wa chini walipanda kuota jua, na watu wakaoana. Mghoi wa Irizi alimwoza mdogo wake, Mshai, huko chini. Haukupita mwezi, ardhi ikatikisika na lango likajifunga.

Wa juu wakafanya nini? Wakapiga hodi. Na Irizi hodi zilikuwa tatu. Usipoitikiwa, unaondoka. Anayepiga ya nne ni mshenzi, hapewi hata maji ya kunywa. Mkali wa desturi hiyo alikuwa Mghoi mwenyewe. Aliwahi kumfukuza mchumba wa bintiye kwa hodi moja iliyozidi.

Na wa chini je? Lango lilisukumwa kutoka ndani, na adabu yao ilikuwa kutofungua kabla ya kubishiwa hodi. Ndaniko sauti hujirudia mara tatu ukutani. Hodi tatu zikija, wanasema ni mwangwi, wanaendelea kula. Miaka thelathini wa juu wanapiga tatu na kuondoka, wa chini wanasikia tatu na kutafuna. Hapakuwa na uchawi hapo. Ilikuwa heshima tupu.

Mwadime, mfuga mbuzi, ndiye aliyetunza njia. Kila wiki alifyeka magugu, akapiga tatu, akarudi nyumbani. Wakesho, mfinyanzi, ndiye aliyefukua udongo kwenye bawaba na kuzipaka mafuta ya mbarika kila mwezi, huku watu wakimcheka kwamba anakanda mgongo wa jiwe.

Asubuhi moja lango likafunguka. Kijiji kizima kikashuka mbio. Mghoi akamwona Mshai, wakakumbatiana, wakacheka mpaka wakaketi palepale njiani. Ngoma ikalia siku tatu. Siku ya tatu malkia wa Ndaniko akainua ufunguo, akaeleza kwamba atakayepewa atapita na jamaa zake siku yoyote apendayo. Wengine watangoja sikukuu, mara moja kwa mwaka.

Mwadime akawahi. "Ni wangu, Mama. Bila mimi njia ingekuwa msitu, na lango lingesahaulika. Nimepiga hodi miaka thelathini."

"Tatu tatu," Wakesho akamkata. "Ungepiga mpaka mbuzi wako wamalize mlima. Mama, ufunguo ni wangu. Bila mafuta yangu mngesikia hodi, na mngekuwa mnasukuma hadi leo."

Bawabu wa Ndaniko akasema kwamba wote wawili wamesema kweli, ila kilichomfanya aamke na kufungua lango si njia wala mafuta. Aliamka kwa sababu asubuhi ile alisikia hodi ya nne, na mwangwi haufiki nne.

Irizi nzima ikatazama vidole vya miguu. Mwadime akaapa si yeye. Wakesho akasema angekuwa yeye, angejitangaza tangu juzi. Mghoi akasema, tena kwa sauti, kwamba aliyefanya hivyo hakufunzwa na mamake, na kwamba yeye asingeshangaa akiwa mfinyanzi, maana hao huishi kwa kugongagonga vyungu.

Malkia akaushusha ufunguo. Kisha akasema kwamba zawadi haitolewi wakati mmoja wa wanaoistahili amejificha. Asipojitokeza, ufunguo utabaki kwake yeye, na ngoma ikikoma kila mtu arudi kwao.

Wapiga ngoma wakapunguza mkono. Mshai akaanza kuvua shanga alizoazimwa na dadake, amrudishie.

"Dada, tutaonana sikukuu," akasema. "Mwaka si mwingi."

Mghoi akazikataa shanga. Akamtazama Wakesho, akatazama chini, akamtazama malkia.

"Ni mimi," akasema. "Nilikwenda peke yangu, nikapiga tatu, nikageuka kuondoka. Nilifika kwenye kona. Halafu nikarudi, nikapiga ya nne." Akamfungia Mshai zile shanga shingoni. "Na ya tano."

Haya, semeni ninyi: aliyefyeka njia, aliyepaka mafuta, au huyu mshenzi wa hodi tano aliyemsingizia mwenzake? Ufunguo mngempa nani?