Jamaa wa Mkulo

Hapo zamani, milima ilipokuwa bado imejifunika misitu hadi shingoni, alikuwapo Zumbe Kilua, mtawala aliyependa makuu kuliko kula. Kahawa hakuinywa ila imetiwa mdalasini wa pwani, apate kuwatambia wazee wake. Basi siku moja akatamani kitanda kipya, na jicho lake likaangukia mkulo mkubwa wa msituni, mti usiopukutisha majani masika wala kiangazi. Chini yake ilitoka chemchemi, na kwa maji hayo aliishi Sempoli, maskini mwenye kibustani cha mboga na mdomo usiotulia.

Sempoli akaenda kulia shida, kwamba mti ukianguka maji yatakauka, naye atahama na wanawe. Zumbe akacheka, akasema mti ule haujulikani ukoo, na asiye na jamaa hana wa kumlilia.

"Niletee jamaa yake hapa barazani Ijumaa," akasema. "Aingie kwa miguu, asibebwe na wewe wala na mtu wako. Ukishindwa, shoka utalishika wewe."

Sempoli akarudi kwake na hofu, maana miti haitembei, na hilo hata yeye alilijua.

Ijumaa ikawadia. Zumbe akaingia barazani akijipangusa midomo, akaketi. Sempoli akaja na kipande cha gome la mkulo tu, akawapa wazee wanuse, akawauliza linawakumbusha nini. Likapita pua hata pua, ikawa hakuna anayethubutu kusema. Hatimaye mzee mmoja akakohoa, akasema kwa woga kwamba linanukia, kwa mbali, kama pumzi ya Zumbe.

Zumbe akalinyakua kwa hasira, akanusa, akanusa tena.

"Mdalasini," akasema shingo upande.

"Ndiye huyo, bwana wangu. Ni wa ukoo mmoja na mkulo, na watu wa pwani husema naye hapukutishi majani. Umemnywa asubuhi. Ameingia barazani kwa miguu, ila miguu ni yako, nami sikumbeba. Sasa ukimlalia mkulo mgongoni, na jamaa yake yumo tumboni mwako, utawaambia nini wawili hao?"

Zumbe akajaribu kukunja uso, kicheko kikamshinda, akacheka hadi kilemba kikamwanguka. Mkulo ukaachwa, na shoka akapewa Sempoli akachanjie kuni zake. Ila Zumbe alikoma kutamba, kwa kuwa tangu siku ile, kila aliponyanyua kikombe, wazee walimwuliza kwa adabu kama jamaa zake wa msituni hawajambo.