Mwosha Maiti na Kifuko cha Bibi Lubaba

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa kale alikuwako mcha Mungu aitwaye Bi Ramla, kazi yake kuosha maiti za wanawake. Elimu kubwa hakuwa nayo, ila jambo moja alilishika barabara: alichokiona kwenye mwili wa maiti, alikizika pamoja na maiti. Watu walimpenda kwa hilo. Kila mtu ana lake asilotaka lifike sokoni.

Ijumaa moja aliitwa kwenye jumba la Amiri Hatimu. Bibi Lubaba, mke mdogo wa Amiri, alikula chakula cha mchana akiwa mzima, na alasiri ilipoingia alikuwa maiti, povu kinywani. Jumba lote lilivurugika. Vijakazi wananong'ona, mawaziri wananong'ona, na kila mnong'onaji ana mkosaji wake. Bibi Khairia, mama yake Amiri, yeye hakunong'ona. Alisimama uani akapaza sauti: "Ni Thuraya! Mke mwenza kamlisha sumu mwanangu Lubaba! Tumbo lake halikuzaa mtoto, limezaa husuda!"

Thuraya, mke mkubwa, alikuwa amekwisha fungiwa chumbani. Amiri ameapa kwamba maiti ikizikwa tu, Thuraya atakatwa shingo.

Bi Ramla akamsitiri maiti kwa shuka, akaanza kuosha. Mkono wake ulipopita pajani ukagusa kifuko cha ngozi kilichofungwa kwa uzi. Akadhani ni hirizi. Alipokifungua akakuta unga wa kijivu, na zaidi ya nusu umekwisha tumika. Yeye ni binti wa wachungaji. Unga ule aliujua. Ndio sumu wanayotegewa fisi.

Hapo akili ikamruka. Ikiwa muuaji ni Thuraya, sumu inafanya nini kwenye paja la Lubaba? Je, amejiua? Mwanamke aliyependwa na jumba zima ajiue kwa lipi? Au kuna mtu amemfunga kifuko kile? Akiligeuza hivi, haliingii. Akiligeuza vile, halitoki. Akisema, amemvua maiti nguo mbele za watu. Akinyamaza, shingo ya mtu inaondoka.

"Mola wangu," akasema, "pande zote naona dhambi, au macho yangu ndiyo mabovu?"

Akamaliza kuosha na kuvika sanda, kwa sababu maiti hangoji mwosha apate akili. Kisha akaomba kuonana na Amiri, wawili tu.

"Amiri, nimekuja kuvunja amana yangu, na sijui kama nafanya vyema." Akamkabidhi kifuko, akamweleza alipokikuta.

Amiri akabadilika uso. "Unamsingizia maiti, ewe kikongwe! Thuraya amekupa nini?"

"Thuraya simjui hata kwa sura. Wala sisemi nani kaua nani. Nasema nilichokiona na nilipokiona. Mengine yamenishinda."

Amiri akamwita mama yake, akamuuliza wake zake walikula vipi.

"Sinia moja, kama desturi," akasema Bibi Khairia. "Lubaba kapakua kwa mkono wake, maskini, akatoka kwenda kuchukua maji ya kunawa. Mimi yule mchawi simwamini. Nikaogopa asije akawa ametia kitu upande wa mwanangu, basi nikaligeuza sinia. La huku likawa kule. Lubaba akarudi, na mtu hula kilicho mbele yake, si…"

Akakitazama kifuko mkononi mwa mwanawe, akakaa chini pale pale sakafuni.

Amiri akapandwa na ghadhabu. "Lubaba atupwe jaani bila sala! Ipigwe mbiu mji mzima!"

"Hapana, bwana wangu," akasema Bi Ramla. "Nimefungua mdomo kuokoa shingo moja. Shingo imeokoka, mdomo umefungwa. Maiti ni Mwislamu, ana haki ya kuswaliwa, na hukumu yake iko kwa Mola wake."

Lubaba akazikwa kwa heshima. Amiri akatangaza kwamba Thuraya hana hatia, na sababu hakuitaja. Thuraya alipofunguliwa alimshika Bi Ramla mkono. "Uliona nini, mama? Ni nani adui yangu katika nyumba hii?"

"Niliona maiti, bibi. Nenda kanawe uso."

Thuraya akaishi miaka mingi, na kila Ijumaa akimsomea Fatiha mwenzake Lubaba. Naye Bi Ramla hadi kufa kwake akiomba katika sijida asamehewe kwa alilosema na asamehewe kwa alilonyamazia, maana hakujua kwa yakini lipi lilikuwa kosa.

Enyi waumini, siri ya mwenzako ikikuangukia, usitoe zaidi ya kile kinachookoa. Na ukibaki na mashaka baada ya hapo, usijilaumu sana. Siku ile katika jumba la Amiri, asiyekuwa na shaka hata kidogo alikuwa mmoja tu, Bibi Khairia.