Kasha la Kioo, Diski ya Mtumba

Wapendwa, kabla hatujafunga Biblia zetu nataka niwape mfano, na tafadhali msianze kugeukiana kumtafuta mhusika. Hayupo hapa. Nimemtunga mwenyewe, ingawa nikitazama huku mbele naona wawili watatu tayari wameinamisha vichwa.

Palikuwa na mpiga video za harusi mmoja. Kwa kamera alikuwa fundi kwelikweli, hilo tumpe haki yake. Taabu yake ilikuwa kompyuta. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa nzito mno, hata bibi harusi alijifungua mtoto na video ya harusi yake bado haijatoka. Nyinyi mnacheka, wateja hawakucheka. Basi akakubaliana na mkewe wauze ng'ombe wao wa maziwa, anunue vifaa, aunde kompyuta mpya kwa mikono yake.

Alipofika dukani mjini, macho yakatua kwenye kasha la kioo. Kasha ni lile sanduku ambamo vifaa vyote hukaa. Lenyewe halifikirii, halihifadhi, kazi yake ni kukaa tu. Lakini hili lilikuwa na feni zenye taa, nyekundu inageuka kijani, kijani inageuka bluu. Mpiga video alisimama pale moyo unamwenda mbio. Aliiona ofisi yake imejaa wateja. Alimwona mshindani wake wa mtaa wa pili akifunga duka kwa aibu. Akalichukua, akachukua na kibodi inayowaka, na kipanya kinachowaka, sijui alidhani atafanya kazi kwenye giza gani.

Fedha ikawa inaelekea ukingoni. Muuzaji, dada mmoja mpole ambaye kazi yake ni kuuza na wala si kulea watu, akamuuliza diski ya kuhifadhia kazi zake anataka ipi.

"Diski inaonekana kwa nje?"

"Haionekani, kaka. Inakaa ndani kabisa, nyuma ya vingine."

"Basi nipe ya mtumba."

Mmesikia? Mahali ambapo kazi yake yote italala, harusi za watu, vicheko vyao na machozi yao, hapo ndipo alipobana matumizi. Na alitoka dukani akijiona mjanja.

Nyumbani aliwasha mtambo wake sebuleni, ndiyo ofisi yake hiyo. Mkewe akaja na kitenge kiunoni, akautazama.

"Baba Tusajigwe, ng'ombe wetu alikuwa anatoa maziwa. Huyu anatoa nini?"

"Anatoa heshima," akajibu.

Na kweli heshima ilikuja. Watoto walibandika pua zao mlangoni, wateja walipiga picha pembeni ya kasha kabla hata ya kueleza shida yao. Kule ndani diski ilishaanza kukwaruza kama kuku anayetafuta punje. Mwenyewe alisikia. Unajua alifanya nini? Aliongeza sauti ya muziki. Ndugu yangu, nyumbani kwako kuna kitu gani kinachokwaruza, nawe umeongeza sauti ya redio?

Sasa ikaja sherehe ya kumuaga binti mmoja anayeolewa. Bibi yake, mzee sana, alipewa kipaza sauti aseme neno fupi. Nyie mnawajua bibi zetu na neno fupi. Alimwonya binti, akamwombea, akaimba, na mshereheshaji alipotaka kukichukua kipaza sauti yule bibi akakificha ndani ya khanga. Ukumbi mzima ulikuwa hoi kwa kicheko. Mpiga video alinasa kila neno. Akarudi, akahamishia yote kwenye diski, kisha akazifuta kadi za kamera kwa sababu Jumamosi kuna harusi nyingine. Mtu aliyenunua taa kiasi kile hakuwa amebakiza hata cha kununulia diski ya pili ya akiba.

Haikupita muda yule bibi akatwaliwa. Baada ya mazishi, mama wa binti akaja ofisini. Alisema keki waitoe, ngoma waitoe, yeye anataka sehemu moja tu, pale mama yake anaposema.

Mpiga video akabonyeza. Feni zikazunguka, taa zikawaka zote, skrini ikabaki nyeusi. Akazima, akawasha tena. Akaifungua, akaipuliza, akaomba kimoyomoyo. Diski haikukwaruza tena, ilikuwa imekufa. Mafundi wa mjini nao baadaye waliirudisha wakitikisa vichwa.

Yule mama alikaa kwenye benchi, taa zinambadilisha uso, nyekundu, kijani, bluu. Hakugomba. Alisema, "Inawaka vizuri sana, mwanangu. Sasa mama yangu yuko wapi?"

Naona kicheko kimekatika. Vizuri, sasa tuzungumze sisi.

Sisi hatuuzi ng'ombe tununue kasha. Sisi tunachagua marumaru ya kaburi la baba, tunagombana nyeusi au nyeupe, na alipokuwa hai akipiga simu tulisema tuko kwenye kikao. Suti ya kipaimara ya mtoto tunaishonesha mapema, lakini kukaa naye tukasali tunasema tumechoka. Hata mimi mchungaji wenu hushika kitabu cha mahubiri zaidi kuliko mkono wa mgonjwa, maana kitabu mnakiona. Kila mahali Mungu anapotazama, hapo ndipo tunapoomba tupunguziwe bei.

Kwa hiyo leo nawaomba msinipe mkono pale mlangoni, wala msiniambie neno lilikuwa zuri. Yupo mtu ambaye sauti yake bado unaweza kuisikia. Nenda kwake kabla ya chakula cha mchana, ukae, umwache aseme mpaka amalize.