Meno Yaliyotangulia Dar

Hapo zamani, zamani ile ya juzijuzi ambayo simu zilikuwa tayari mifukoni, Mzee Mligo wa Makambako alikuwa kibogoyo. Miezi minne uji, asubuhi na jioni. Siku hiyo fundi wa meno akampigia kutoka Njombe: "Baba, meno yako tayari. Nimeyatia kwenye gari la vifurushi." Njombe na Makambako ni mwendo wa saa moja.

Mzee kwa furaha akaapa simuni: "Atakayenifikishia, namchinjia jogoo, na firigisi ni yake." Mkewe akaacha kufagia. Tangu waoane, firigisi ya nyumba ile haijapita koo jingine ila la mumewe.

Gari likaja, likasimama mbele ya mlango wake kabisa, dereva Kidaga anunue mahindi ya kuchoma.

"Shikamoo, mzee. Meno yako yamo humu. Ila kila mzigo sharti ulale kwanza ghala kuu, Dar, upangwe, ndipo urudi."

"Kwani yamechoka?"

Meno yakaenda Dar, mji ambao mwenyewe hajaukanyaga. Yakarudi siku ya kumi na moja. Jogoo akaingia chunguni, madai yakaanza.

Kidaga akasema: "Firigisi yangu. Nimeyashusha mlima Kitonga, nimeyapandisha mlima Kitonga, breki zinanuka, kifurushi nimekipakata kama kichanga."

Atu wa bodaboda akasema: "Wewe uliishia stendi. Anwani inasema nyuma ya mashine ya kusaga, na mashine ilihama mwaka juzi. Siku mbili nabisha hodi: samahani, hapa kuna mzee hana meno? Wazee tisa wamenitukana, wa kumi kanifungulia mbwa."

Simu ikaita, ikawekwa sauti kubwa. Ni Sikitu, mpangaji mizigo wa ghala kuu. "Shikamoo, baba. Fundi kanieleza kiapo chako. Lebo ililowa, jina likafutika, wenzangu wakayatupa kwenye rundo la mizigo isiyo na mwenyewe. Nikayachakura, nikamtafuta fundi. Bila mimi ungekunywa uji mpaka kaburini. Firigisi nitumie kwa gari."

"Italala kwanza ghala gani?" Atu akamuuliza.

Mzee akaiopoa firigisi chunguni. Meno mapya yamo kinywani, firigisi i mkononi. "Nyote mmeyabeba," akasema, "lakini aliyeyangoja ni mimi. Na mtu lazima ayajaribu."

Mkewe akamdaka kifundo cha mkono. "Baba Tulizo, uliapa."

Haya, mahodari wa kuhukumu: aliyeyachakura, aliyeyapitisha mlangoni kwa mwenyewe akaenda kuyatembeza, aliyekimbizwa na mbwa, au mwenye kiapo na njaa yake? Je, firigisi anaistahili nani? Semeni upesi, mzee ameshafungua kinywa.