Jina la Mlalamikaji

Mtu mmoja alikuwa na kata ya kuitunza, na jina lake Malunde. Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, wala hakuwahi kumpiga mtu. Ni vyema hayo yasemwe mapema, kwa sababu wengi hudhani ubaya hauji ila na rungu mkononi. Alikuwa diwani, amechaguliwa kwa haki, naye alitamani jambo moja kupita yote: apite njia yoyote katika kata yake asikute uso ulionuna.

Katika kata hiyo aliishi mjane, Nyamizi binti Kalunga, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe karibu na bomba la maji la jumuiya. Nyamizi alikuwa na macho, na hakuwa na subira. Kaseko, mwenye baa iliyopakana na zahanati, alipofungulia muziki mchana kutwa hata wagonjwa wasisikie wanachoulizwa na mganga, Nyamizi alikwenda ofisini kwa diwani akasema. Mchinja nyama alipomwaga matumbo ya ng'ombe mtaroni, alikwenda akasema. Vijana wa bodaboda walipoziba njia ya shule na kuwatupia wasichana maneno ya aibu, alikwenda tena. Sheria ndogo za halmashauri zilikataza mambo hayo yote, na diwani alizijua, maana alikuwemo ukumbini zilipopitishwa, na mkono wake ulinyooshwa kuziunga.

Kila mara alimpokea kwa heshima. "Shikamoo, mama," akamvutia kiti, akafunga mlango, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda kwa mkosaji, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Aliyekabidhiwa sheria alipaswa kusimama mbele ya Kaseko na kusema: sheria inakataza, nami nimekuja kuisimamia. Malunde hakusema hivyo. Aliketi, akapokea soda, akashusha sauti.

"Mimi binafsi sina neno, ndugu yangu," alisema. "Ni yule bibi wa pale bombani. Si unamjua alivyo?"

"Nisimjue!" Kaseko akacheka. "Yule hata jogoo akiwika, atamshtaki kwa kupiga kelele bila kibali."

Wakacheka wote wawili. Muziki ulipunguzwa kwa muda wa ile soda, ukarudi, na diwani akaondoka akiwa rafiki wa Kaseko kuliko alivyokuja. Kwa mchinja nyama alisema vivyo hivyo. Kwa vijana wa bodaboda, vivyo hivyo. Hakutamka uongo hata neno moja, na kwa hilo alijihesabia haki. Lakini pimeni wenyewe. Mzigo aliopewa na umma aubebe yeye, aliutua juu ya kichwa cha mjane, akarudi akaongeza mwingine, na mwingine tena, huku mjane mwenyewe akishangaa kwa nini majirani wameacha kuitikia hodi yake.

Ikatokea asubuhi moja bomba la jumuiya likakutwa limevunjwa, koki imeng'olewa, maji yametapakaa mpaka barabarani. Kata ikakosa maji, na hasira ikapanda, nani atawalaumu? Watu wakamdai mkosaji. Njia ya kumtafuta ilikuwepo, ya kale na iliyo wazi: kuuliza nani aliona, nani alisikia, nani ananunua vyuma chakavu na alivinunua kwa nani. Lakini njia hiyo ina jasho, tena humlazimu anayeishika amkabili mtu fulani uso kwa uso. Malunde akachagua ile nyingine, inayopendwa kwa sababu haina mwenyewe. Akaitisha mkutano wa hadhara, akaagiza kila mkazi aandike kwa siri jina la mtu anayevuruga amani ya kata, na atakayetajwa kuliko wote ahame.

Hakuna sheria inayoupa mkutano uwezo huo. Kura ni chombo cha kuchagua. Haijawahi kuthibitisha jambo, na umati wa watu wasioona kitu haufanyi shahidi mmoja. Tuseme, hata hivyo, kwamba walikuja kwa nia njema. Bado waliulizwa swali lisilohusika. Hawakuulizwa nani kavunja bomba. Waliulizwa nani anawasumbua, na kila mmoja akajibu kwa ukweli wa moyo wake. Kaseko aliandika jina la aliyemsumbua. Mchinja nyama akaandika la aliyemsumbua. Vijana hawakuwa na haja ya kushauriana. Na wengine, ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote, waliandika jina walilokuwa wamelisikia sana, kwa sababu jina linalosikika sana hufanana na hatia.

Vikaratasi vikafunguliwa. Jina likasomwa, likarudiwa, likarudiwa tena, mpaka watu wakaanza kulitamka kabla ya msomaji. Mwanamke mwenye nyonga mbovu, asiyeweza kujitwisha ndoo bila kusaidiwa, alikuwa ameng'oa koki ya chuma kwa wingi wa kura.

"Aende zake!" mtu akapaza sauti. "Kata ipumue!"

"Na spika zangu zipumue!" akaitikia Kaseko, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nyamizi akasimama kwa taabu. Hakumtazama Kaseko. Alimgeukia diwani, akasema bila kufoka:

"Mwanangu, kila nilipokuja kwako ulifunga mlango, tukawa wawili tu. Hawa walijuaje?"

Siku nzima ile, hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza lililostahili kuulizwa mbele ya hakimu. Na jibu lake alilijua mtu mmoja. Wengine walijua kila mmoja kipande chake, alichonong'onezwa nyumbani kwake; Malunde pekee alilijua lote. Alilihisi jibu likiwa tayari ulimini: Mimi ndiye niliyewaambia. Angelitoa, kura zote zingeanguka, kwa maana kila aliyeandika angeona jina lile lilifikaje mkononi mwake. Mjane angerudi kwake na kulala chini ya bati la mumewe. Lakini aliziona pia nyuso zilizomzunguka, akaona jinsi zitakavyobadilika. Akakohoa.

"Wananchi wameamua, mama," alisema.

Lisikilizeni hilo neno "mama". Hata pale hakuacha adabu.

Mgambo wakapakia kitanda, masufuria na kabati bovu kwenye mkokoteni, na Nyamizi akaufuata kwa miguu mpaka kata ya jirani, kwa dada yake. Nyumba ikabaki na kufuli. Katika kikao cha halmashauri Malunde alitoa taarifa kwamba katani kwake hakuna tena malalamiko yoyote. Taarifa ilikuwa ya kweli. Madiwani wenzake wakapiga meza kwa pongezi.

Bomba likatengenezwa, na kabla mvua za mwaka huo hazijaisha likavunjwa tena, safari hii mchana kweupe, wanawake wakiwa kwenye foleni na ndoo zao. Malunde akaja mbio, suruali imelowa hadi magotini. Akawaendea mmoja mmoja.

"Dada yangu, umemwona nani?"

"Mimi? Nilikuwa nimeinama nafunga kitenge, Mheshimiwa."

"Na wewe, shangazi?"

"Jua lilinipiga machoni, baba. Macho yenyewe haya ya kizee."

"Jamani, si mlikuwa hapa hapa?"

"Tulikuwepo," akajibu wa tatu, akiigeuza ndoo yake tupu chini juu ili aikalie. "Ila tumeshazoea kutoona. Ndiyo amani yako, Mheshimiwa."

Na maji yaliendelea kumwagika mbele yao wote.

Basi ninyi mliokabidhiwa masikio ya umma, jibuni: mkimuuza anayesema ili mpendwe na wanaotenda, ninyi ni wawakilishi wa nani?